Je, wanafalsafa ndio walioandika katiba za kwanza za majimbo ya Marekani?

Swali: Mwalimu wa historia wa shule ya sekondari anaandika kwamba vitabu anavyofundishia vinasema katiba za kwanza za majimbo ya Marekani, zile za kuanzia 1776, zilitokana na mawazo ya Zama za Mwangaza, yaani ya wanafalsafa wa Ulaya kama Locke, Montesquieu na Rousseau. Wanafunzi wake wamemuuliza maswali mawili ambayo hakuweza kuyajibu. La kwanza, wanafalsafa hao waliandika sehemu gani hasa ya katiba hizo? La pili, ikiwa katiba zilisema kwamba watu wote wako huru, kwa nini utumwa uliendelea?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza vizuri kuliko vitabu vinavyoeleza. Kwa ufupi, wanafalsafa walitoa lugha ya kurasa za mwanzo na baadhi ya kanuni za kupanga madaraka, lakini vifungu vingi vilitoka katika sheria ya Kiingereza na katika machungu ya kutawaliwa na magavana wa mfalme. Jibu la swali la pili limo ndani ya sentensi moja iliyoandikwa Virginia, ambayo wajumbe walioogopa maana yake waliiongezea maneno machache. Nitaifuatilia sentensi hiyo kwa urefu, kwa sababu athari ya wanafalsafa huonekana vizuri zaidi pale ambapo watu walilazimika kubadili rasimu ili kuikubali hoja yao au kuikwepa, kuliko pale ambapo majina yao yanatajwa.

Tarehe 10 Mei 1776 Kongresi ya makoloni iliyokuwa ikikutana Philadelphia ilishauri kila koloni liunde serikali yake, na siku 5 baadaye ikaongeza utangulizi ulioandikwa na John Adams, mwanasheria na mjumbe wa Massachusetts, unaosema kwamba mamlaka yote ya mfalme yakomeshwe. New Hampshire na South Carolina zilikuwa zimekwisha kutangulia. Hadi mwisho wa 1777, makoloni 10 kati ya 13 yalikuwa na katiba za maandishi. Connecticut na Rhode Island ziliona kwamba hati walizopewa na mfalme mwaka 1662 na 1663 zilikuwa zimewapa uhuru wa kutosha, kwa hiyo zikaziacha jinsi zilivyo na kuondoa jina la mfalme tu, nayo Massachusetts ilichelewa hadi 1780 kwa sababu nitakayoieleza. Watu walioandika katiba hizo waliziandika vitani, wengine kwa majuma machache tu, na mtu anayeandika kwa haraka hutumia kwanza kile alicho nacho mkononi.

Walichokuwa nacho mkononi ni sheria ya Kiingereza. Chukua Tamko la Haki la Virginia la tarehe 12 Juni 1776, ukisome kifungu cha 9: dhamana isidaiwe kupita kiasi, faini zisitozwe kupita kiasi, wala adhabu za kikatili na zisizo za kawaida zisitolewe. Hapo hakuna mwanafalsafa hata mmoja; maneno hayo yamenakiliwa karibu neno kwa neno kutoka Hati ya Haki ya Uingereza ya 1689. Maryland nayo ilipoandika kwamba mtu huru asikamatwe wala kufungwa ila kwa hukumu ya watu wa hadhi yake au kwa sheria ya nchi, ilikuwa ikirudia Magna Carta, hati ya kale ya haki ya Uingereza ya 1215. Kifungu cha 10 cha Virginia, kinachokataza hati za upekuzi zisizotaja mtu wala kosa, kina historia ya karibu zaidi, kwa kuwa maofisa wa forodha wa mfalme walikuwa wameingia katika maghala na nyumba za watu kwa hati za namna hiyo, na James Otis alikuwa amezipinga mahakamani Boston tangu 1761. Hizi ni haki za Mwingereza, zilizodaiwa na watu waliojiona Waingereza hadi walipofukuzana na mfalme wao.

Hata Adams, aliyesoma sana, anatuonya tusikimbilie Paris. Katika kijitabu chake cha Aprili 1776 kuhusu namna ya kuunda serikali, ambacho kilianza kama barua kwa mwanasheria wa Virginia aitwaye George Wythe (mkumbuke huyu, atarudi), aliwataja waandishi waliomshawishi kwamba serikali njema ni ya kijamhuri: Sidney, Harrington, Locke, Milton, Nedham, Neville, Burnet na Hoadly. Katika majina hayo 8 hakuna Mfaransa. Wengi wao ni watu wa karne ya 17, kizazi cha ugomvi wa bunge la Uingereza na wafalme wake. Locke yumo, naye ndiye daraja kati ya ugomvi huo wa zamani na falsafa ya karne ya 18.

Sasa, Locke alifikaje vijijini? Hapa ningependa wanafunzi wako waangalie mji mdogo wa Sheffield, magharibi mwa Massachusetts. Januari 1773, miaka mitatu na nusu kabla ya Tamko la Uhuru, kamati ya watu wa mji huo iliandika azimio kwamba binadamu katika hali ya asili ni sawa, wako huru, hawategemeani, nao wana haki ya kufurahia maisha, uhuru na mali yao bila kubughudhiwa. Hoja hiyo ni ya Locke mtupu: hali ya asili, usawa, kisha haki tatu za maisha, uhuru na mali. Lakini walioiandika hawakuwa wanafalsafa. Walikuwa wenye mashamba, mashemasi na wanasheria wa mjini, ambao walikuwa wameisikia hoja hiyo katika mahubiri, katika vijitabu na magazetini hadi ikawa lugha yao ya kawaida. Ndiyo maana kumtafuta Locke katika katiba kwa kusaka nukuu zake ni kazi ya bure, kwa kuwa mtu hakumbuki tena ni nani aliyemfundisha msemo anaoutumia kila siku. Katika kamati hiyo ya Sheffield walikuwamo kanali tajiri aitwaye John Ashley na mwanasheria kijana aitwaye Theodore Sedgwick. Nao pia watarudi.

Montesquieu ni habari nyingine, kwa kuwa yeye alisomwa kama fundi. Kitabu chake cha 1748 kuhusu roho ya sheria kilidai kwamba uhuru hauwezi kudumu pale ambapo mwenye kutunga sheria ndiye mwenye kuzitekeleza na ndiye mwenye kuhukumu. Katiba ya Virginia ya tarehe 29 Juni 1776 ikaitii kauli hiyo kwa maneno mazito: mihimili mitatu itengane na kuwa mbalimbali, wala mmoja usitumie madaraka ya mwingine. Lakini ukiendelea kusoma unakuta kwamba gavana anachaguliwa kila mwaka na mabaraza mawili ya bunge, hana uwezo wa kuzuia muswada, hawezi kuamua jambo kubwa bila ushauri wa baraza la watu 8 waliochaguliwa na bunge hilohilo, na majaji nao wanateuliwa na bunge. Kanuni ni ya Montesquieu, na mashine ni ya watu waliokuwa wamechoshwa na magavana wa mfalme kiasi kwamba walimnyang'anya gavana kila kitu isipokuwa cheo. Thomas Jefferson, aliyekuwa gavana chini ya katiba hiyo kuanzia 1779 hadi 1781 na kuonja udhaifu wake wakati majeshi ya Uingereza yalipoivamia Virginia, aliandika baadaye kwamba madaraka yote yalikuwa yamerudi katika bunge, na kwamba madikteta 173 wangekandamiza sawasawa na mmoja. Mwaka 1788 James Madison, mwanasiasa wa Virginia, alipozipitia katiba za majimbo moja baada ya nyingine akimtumia Montesquieu kama kipimo, alionyesha kwamba hakuna hata moja iliyokuwa imeitenga mihimili kabisa.

Kuhusu Rousseau nitasema machache. Utangulizi wa katiba ya Massachusetts unaposema kwamba dola ni mkataba wa kijamii ambao watu wote wanaagana na kila raia, na kila raia na watu wote, mtu husikia mwangwi wake. Lakini Rousseau aliamini kwamba enzi ya watu haiwezi kuwakilishwa, ilhali katiba hizi zote ni katiba za uwakilishi. Ningemwondoa katika orodha ya vitabu vyenu, na nafasi yake ningempa Mwitalia ambaye vitabu hivyo havimtaji.

Huyo ni Cesare Beccaria wa Milano, aliyeandika mwaka 1764 kwamba adhabu ilingane na kosa, na kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake. Adams alimnukuu mahakamani Boston mwaka 1770, akiwatetea askari wa Uingereza walioshtakiwa kwa mauaji. Katiba ya Pennsylvania ya Septemba 1776, katika kifungu cha 38, inaliagiza bunge lizirekebishe sheria za jinai, adhabu za kumwaga damu zipunguzwe, na kwa jumla adhabu zilingane zaidi na makosa. Kifungu kinachofuata kinataka zijengwe nyumba za adhabu ya kazi ngumu, ili watu waonywe na adhabu ya muda mrefu wanayoiona badala ya kitanzi. Hapo falsafa haikubaki pambo. Kufikia 1794 jimbo hilo lilikuwa limeifuta adhabu ya kifo kwa makosa yote isipokuwa mauaji ya daraja la kwanza, na daraja hizo zenyewe zilibuniwa na sheria ya mwaka huo. New Hampshire mwaka 1784 ilikwenda mbali zaidi kwa maneno, ikaandika kwamba lengo la kweli la adhabu zote ni kuwarekebisha binadamu, si kuwaangamiza.

Pennsylvania inastahili kutazamwa kwa jambo jingine pia. Mkutano wake uliongozwa na Benjamin Franklin, ukazaa katiba iliyowashtua watu wa tabaka la juu: bunge la chumba kimoja, bila seneti, bila gavana, bali baraza la utekelezaji la watu 12, na kura kwa kila mwanamume huru mlipa kodi aliyefikisha miaka 21. Kila muswada wa jambo la umma ulipaswa kuchapishwa ili wananchi wausome kabla haujasomwa bungeni mara ya mwisho, na isipokuwa kwa dharura, usipitishwe hadi kikao kinachofuata. Kila baada ya miaka 7 lingechaguliwa Baraza la Wakaguzi ili kuchunguza kama katiba imevunjwa, wazo lililotolewa katika historia ya Roma. Wakaguzi hao walikutana 1783 na 1784, wakagawanyika vyama, wakaondoka bila kubadili lolote, na mwaka 1790 katiba yote ikaandikwa upya yenye seneti na gavana. Ufaransa, hata hivyo, katiba hiyo ndiyo iliyosifiwa kuliko nyingine. Turgot, aliyewahi kuwa waziri wa fedha wa mfalme, aliandika mwaka 1778 akiyalaumu majimbo mengine kwa kuiga vyumba viwili vya bunge la Uingereza bila sababu, na Adams alikasirika kiasi cha kumjibu kwa kitabu cha juzuu tatu. Mwaka 1783 katiba zote za majimbo zilichapishwa Paris kwa Kifaransa, kwa juhudi za Franklin. Kwa hiyo mwaka 1789, Wafaransa walipoandika tamko lao la haki, walikuwa wamekwisha kuyasoma yale ya Wamarekani. Deni lilikuwa limeanza kulipwa kwa upande wa pili.

Jambo ambalo naliona kuwa uvumbuzi mkubwa kuliko yote halikutoka katika kitabu chochote. Mwaka 1776 bunge la Massachusetts liliiomba miji iliruhusu liandike katiba. Mkutano wa mji wa Concord ulikataa mwezi Oktoba, kwa hoja kwamba katiba ambayo bunge linaweza kuibadili haimlindi raia hata kidogo dhidi ya watawala, na kwa hiyo sharti iandikwe na chombo maalumu kilichochaguliwa kwa kazi hiyo peke yake. Bunge halikusikiliza, likaandika, na rasimu yake ya 1778 ikakataliwa na miji kwa kura nyingi. Ndipo likaitwa bunge maalumu la katiba Septemba 1779, rasimu ikaandikwa na Adams, kisha mwaka 1780 ikapelekwa kwenye mikutano ya miji, ambako wanaume huru wote wa miaka 21 na zaidi, hata wasio na mali, waliijadili ibara kwa ibara na kuipigia kura. Wanafalsafa walikuwa wamefundisha kwamba serikali hutokana na ridhaa ya watu, lakini hawakueleza ridhaa hiyo inakusanywaje, wapi, na nani ahesabu kura. Watu wa Concord walieleza. Katiba hiyo ya 1780 bado inatumika, ingawa imerekebishwa mara nyingi.

Sasa nigeukie utumwa. Rasimu ya Tamko la Haki la Virginia iliandikwa na George Mason, mwenye shamba kubwa na watumwa wengi. Ilianza hivi, kwa tafsiri yangu: "Kwamba watu wote huzaliwa huru na wenye kujitegemea kwa usawa, nao wana haki fulani za asili ambazo hawawezi, kwa mapatano yoyote, kuwanyima wala kuwavua wazao wao." Katika mkutano wa Williamsburg mjumbe Robert Carter Nicholas aliinuka, akasema kwamba maneno hayo yangeweza kuleta machafuko, na kila mtu ukumbini alijua anawazungumzia nani. Ilichukua siku kadhaa kupata dawa. "Huzaliwa" likaondolewa, ikaandikwa kwamba watu wako huru "kwa asili", na kabla ya kusema kwamba hawawezi kuwavua wazao wao haki hizo, yakapachikwa maneno machache: "wanapoingia katika hali ya jamii." Watumwa, ilielezwa, hawakuwa sehemu ya jamii iliyofanya mapatano, basi sentensi haikuwahusu. Angalia ustadi wake: waliitumia nadharia ya Locke ya mkataba wa kijamii kuwafungia nje watu ambao nadharia ya Locke ya haki za asili ilikuwa imewafungulia mlango.

Lakini rasimu ilikuwa imekwisha kuchapishwa katika magazeti ya Philadelphia mwezi huohuo wa Juni, bado haijapachikwa nyongeza, na ndiyo iliyosafiri. Pennsylvania iliandika "huzaliwa". Vermont, iliyojitangaza yenyewe na kuinakili katiba ya Pennsylvania Julai 1777, nayo iliandika "huzaliwa", kisha ikaongeza neno ambalo hakuna aliyekuwa amethubutu kuliongeza: "Kwa hiyo." Kwa hiyo, ikasema, mwanamume yeyote akishafika miaka 21, na mwanamke miaka 18, asishikiliwe kisheria kuwa mtumwa wa mtu. Nayo katiba ya Massachusetts iliandika kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa.

Nyumbani kwa Kanali Ashley kule Sheffield alikuwamo mwanamke mtumwa aliyeitwa Bett. Mwaka 1781, baada ya katiba kuanza kutumika, alimwendea Theodore Sedgwick, yuleyule aliyekaa na Ashley katika kamati ya 1773, akamtaka amshtaki bwana wake. Bett na mwenzake aliyeitwa Brom walishinda mbele ya baraza la raia, wakapewa shilingi 30 za fidia, naye Bett akajiita Elizabeth Freeman, yaani mtu huru. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya mtu aliyempiga Quock Walker kwa madai kwamba ni mtumwa wake, Jaji Mkuu William Cushing aliliambia baraza la kesi kwamba utumwa haupatani na haki zilizotolewa na katiba. Sensa ya 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja Massachusetts.

Virginia nayo ilipata nafasi yake. George Wythe, aliyeandikiwa na Adams mwaka 1776, alikuwa sasa jaji, na mbele yake walikuja watu wa familia iliyodai uhuru kwa kuwa ilitokana na bibi wa asili ya Kihindi wa Marekani. Wythe aliwapa, tena akaongeza kwamba kwa mujibu wa kifungu cha kwanza cha Tamko la Haki uhuru ni haki ya kuzaliwa ya kila binadamu, hivyo ni juu ya anayedai mtumwa kuthibitisha. Rufaa iliamuliwa 1806. Mahakama ya juu ilikubali kwamba familia ile iko huru, kwa sababu ya nasaba na sura yao, lakini ikaikataa hoja ya Wythe kwa Waafrika na wazao wao. Jaji St. George Tucker alieleza kwamba kifungu kile kiliandikwa kwa jicho la tahadhari juu ya suala hili hasa, na kilikusudiwa kuwahusu raia huru au wageni peke yao.